Mwaka Mama Alipofuga Nyigu

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, nisije nikajipamba mbele yenu. Nafundisha sayansi na hesabu shule ya msingi, darasa la watoto themanini na kitu, na sauti yangu imezoea kufika dawati la nyuma. Nyumbani kwetu Chanji, hapa Sumbawanga, mume wangu husema mdomo wangu hauna breki. Mama yangu hajawahi kunisema hivyo hata siku moja. Mama anaishi Izia, pale mji unapoishia na mashamba yanapoanzia, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga marehemu baba, na nyuma ya nyumba hiyo kuna mipera.

Baba aliipanda kabla sijazaliwa. Ilikuwa ikizaa mapera mekundu kwa ndani, matamu, na sare zangu zote za shule zilitoka humo. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo, mzee wa Kiislamu mwenye duka la jumla na lori, alikuwa akija mwenyewe msimu wa mapera, na kanzu yake, anayachukua kwa matenga na kuyapeleka mbali. Baba alipofariki tulidhani ataacha kuja. Hakuacha. Aliendelea kuja, anamwita mama shemeji, anauliza hali ya watoto wote kwa zamu kabla hajagusa tenga.

Kilichomfukuza ni funza. Pera linaonekana zima, la njano, linanukia mpaka unameza mate. Ukilipasua, ndani kunacheza vitu vyeupe. Mwaka wa kwanza tulidhani ni mvua. Mwaka wa pili kaka yangu alinunua dawa akapuliza, tukakohoa sisi, funza wakabaki. Mwaka wa tatu ungepasua tenga zima usipate bakuli moja la kula. Yule mzee alikuja mara ya mwisho bila matenga, amembebea mama sukari, akazungumza sana habari za barabara na mvua, mwisho akasema kwa upole kwamba wateja wake wamelalamika. Mama alimjibu kwamba anaelewa, akamsindikiza hadi njiani. Kisha akarudi akaosha vikombe.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, na baada ya msiba wa baba ukoo ulimkabidhi yeye shamba alisimamie. Ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa kazi, si wa maneno. Jumapili moja baada ya misa alikuja akamwambia mama kwamba ameshaamua: mipera ikatwe, pale pote papandwe mahindi. Sababu zake zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mama anavunjika mgongo akiokota uozo. Ardhi ya pembeni mwa mji haikai bure. Mahindi unakula, funza huli. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamwomba amwachie msimu huu na mwingine mmoja. Kaka akakubali shingo upande: Pasaka ya mwakani ikipita, analeta mtu wa msumeno, na asiombwe tena.

Mama hakulia. Alivaa buti zake akaenda kuokota mapera yaliyoanguka, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi.

Kazi hiyo inabidi niieleze, kwa sababu humo ndimo yalimo mambo yote. Sisi Wafipa tuna kilimo chetu. Mvua zikielekea ukingoni, unafyeka nyasi, unazilaza chini kwa duara, unazifunika kwa udongo, unapata tuta la mviringo tunaloliita ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani na kuishibisha ardhi. Juu ya ntumba unapanda maharage, na msimu unaofuata unausambaza ule udongo na kusia ulezi. Mwanamke wa huku anajulikana kwa ntumba zake, na za mama, kati ya mistari ya mipera na kule chini hadi mtoni, zilikuwa zimepangika kiasi kwamba wapita njia walisimama kuzitazama. Tena mama hatupi kitu. Kila pera lililooza lililazwa chini pamoja na nyasi, likafunikwa udongo laini, likawa mbolea. Kwenye ua wake hukuona pera bovu hata kwa dawa. Nilikuwa nikiwaleta wenzangu wa shuleni waone, nikijisikia fahari kama vile nimelima mimi.

Wiki ile ile hasira zikanipeleka ofisi ya kilimo. Nilijaza mapera mabovu kwenye mfuko, nikapanda pikipiki, nikaingia ofisini nikautua mfuko mezani, juu ya makaratasi ya watu. Nikasema nyinyi mmekaa hapa kivulini na mama yangu anakatiwa miti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi kamili, hata majibu ya majibu yao nilikuwa nayo. Mle ndani alikuwamo binti mmoja tu, afisa ugani, mdogo hata kwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia kwanza, akanipa kiti. Halafu akafungua mfuko, akachukua pera, akalipasua kwa vidole na kutabasamu, utadhani nimemletea zawadi. Nikaishiwa pozi.

Kumbe alikuwa anatafuta watu kama sisi. Aliniuliza kama mama yuko tayari kutopuliza dawa yoyote, maana wana nyigu wanaotaka kuwaachia. Nikamwambia binti, mimi nimeleta funza, wewe unaniongezea nyigu? Akacheka. Akanieleza kwamba hawa ni nyigu wadogo kuliko siafu, hawana habari na binadamu wala hawaumi. Jike anatembea juu ya pera, anasikilizia funza, mtoto wa nzi wa matunda, anavyojongea ndani, akimpata anachomeka mkia wake mrefu kupitia ganda na kumtagia yai mwilini. Yai linaanguliwa humo humo. Mtoto wa nyigu anamla funza taratibu kwa ndani, anamwacha hai mpaka ageuke pupa, halafu kwenye pupa ile, mahali pa kutoka nzi, anatoka nyigu mpya. Nami ndiye ninayesimama kila mwaka mbele ya ubao na kuandika yai, buu, pupa, mdudu kamili! Nilikaa pale nimeshika shavu. Miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kusikia kwamba kwenye pupa ya nzi anaweza kutoka mtu mwingine kabisa.

Kaka nilipomsimulia alisema Sumbawanga tumeshasingiziwa uchawi vya kutosha, sasa tunajitafutia na wa nyigu. Lakini dawa hakupuliza. Ahadi yake aliishika.

Binti alikuja Izia siku ya Jumamosi na makopo mawili ya plastiki yenye kitambaa mdomoni. Mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye kigoda, amejifunga kanga mpya, akitegemea shughuli. Binti akafungua kopo, akaliegemeza kwenye tawi. Nyigu wakatoka wakitembea, wekundu wekundu, miguu kama nyuzi, wakasimama ukingoni wakijifuta mabawa, kisha mmoja mmoja wakaondoka. Basi. Mama akasubiri kidogo, akauliza kama ndiyo hivyo tu. Binti akasema ndiyo hivyo tu, mama. Nilimwona mama anajizuia kucheka.

Lakini baada ya chai alirudi kule peke yake na miwani yake, nikamkuta ameinama kwenye tawi la chini. Alinionyesha kwa kidevu. Nyigu mmoja alikuwa juu ya pera, vipapasio vinagonga gonga ganda, anasogea, anagonga, anarudi nyuma, anagonga tena. Akasimama. Akainua kiuno, akaushusha ule mkia mwembamba kama unywele, mrefu kuliko mwili wake, ukazama kwenye pera polepole mpaka ukaisha. Mama akanong'ona kwamba ni kama nesi anayetafuta mshipa wa mtoto. Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sijui kama nimewahi kuona fundi mwenye mkono mtulivu kama ule, na alikuwa mdudu ambaye ukimpigia chafya anapotea.

Kabla ya kuondoka binti alisimika hema dogo la wavu uani, kimo cha kiuno. Mapera yote yanayoanguka, alisema, yasifukiwe tena, yawekwe humu. Nzi wakitoka hawapenyi, matundu ya wavu ni madogo kwao. Nyigu wanapenya na kurudi mitini. Mama akamweleza, kwa adabu lakini na kichwa juu, kwamba hapa uchafu hauzagai, kila pera lake lilifukiwa vizuri kwenye ntumba miaka yote. Binti akaziangalia zile ntumba. Akasema naona, mama, ntumba zako ni nzuri sana, ila kwa hawa wadudu nakuomba safari hii tutumie hema.

Nilimsindikiza hadi barabarani, na huko ndiko aliponiambia alichokinyamazia. Nzi wa matunda anapotoka kwenye pupa chini ya ardhi ana kifuko usoni anachokivimbisha, anausukuma nacho udongo mpaka anatokeza juu. Nyigu hana kifuko hicho. Ukimfukia anafia huko huko. Anayetaka kuua nzi kwa kufukia lazima achimbe shimo refu na kushindilia udongo kwa miguu. Ntumba ni kinyume chake: udongo laini, nyasi zenye joto chini, umande juu. Hakuna kitanda kizuri kuliko hicho cha kulelea nzi. Binti alisema maneno hayo akiangalia chini, kama anayetoa habari za msiba. Nikamuuliza mbona hakumwambia mama. Akajibu kwamba yeye ni mgeni na mimi ni mtoto wa nyumbani, nitajua namna ya kumweleza.

Sikumweleza. Nilirudi uani nikamkuta anapalilia maharage juu ya zile ntumba zake huku anaimba, nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Ningeanzaje? Mama, ule usafi wako wote? Mwoga mimi, pamoja na mdomo wangu wote. Basi mama akawa anajaza mapera kwenye hema kwa sababu tu mgeni amemwomba, bila kujua kwa nini, na mapera yakawa yanaoza pale mlangoni, yanavuja maji, yananuka uchachu, nzi wamejaa ndani ya wavu wanahangaika. Kwake yeye ilikuwa aibu tupu.

Aprili ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya. Kwetu Wakatoliki jumuiya ndogo inakutana kila wiki kwenye nyumba ya mmoja wetu, mnasali, mnasoma Neno, mnakunywa chai. Zamu yako ikifika unafagia hadi nyuma ya choo. Mimi nilikuwa nimebanwa na mitihani, sikufika Izia karibu wiki nzima. Siku ya jumuiya nikatoka shuleni moja kwa moja, nikaingia uani kipindi sala imeisha na akina mama wako kwenye mikeka wanakunywa chai. Ua unang'aa. Pale lilipokuwa hema pamefagiliwa, na hema lenyewe limefuliwa, limekunjwa, limewekwa juu ya ukuta wa jiko.

Nikamuuliza mama mapera yako wapi. Akasema ameyafukia, yote, vizuri kabisa, kwenye ntumba za maharage kule chini.

Wiki tano za kazi zilikuwa ndani ya hema lile. Wale nyigu walikuwa wametaga, watoto wao walikuwa tayari kwenye pupa, bado siku chache watoke. Nikaziona zote zimelala chini ya udongo. Nikamwona mtu wa msumeno. Na badala ya kumeza mate nikafungua mdomo ule ule wa darasani.

"Mama, ni wewe," nilisema. "Hawa nzi umewafuga wewe. Miaka yote hii ni wewe uliyewafuga."

Na sikuishia hapo. Nikayamwaga yote, kifuko cha nzi, nyigu asiye nacho anayefia chini, udongo laini, joto la nyasi, kwamba ntumba zake ndizo zilizomaliza mapera ya baba. Akina mama walikuwa wameshikilia vikombe. Mmoja, jirani wa miaka mingi, aliangalia pembeni.  Mama alichukua birika akamwongezea chai mgeni aliyekuwa karibu, akamwuliza kama sukari inatosha. Nilisimama kidogo pale na mkoba wangu wa madaftari, nikaona sina cha kufanya, nikaondoka bila kuaga.

Usiku ule mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamfokea na yeye. Nilijua vizuri nilichokifanya. Mtu amezeeka akiheshimiwa kwa jambo moja, na mwanawe wa kumzaa analivunja mbele ya watu wa jumuiya yake. Na kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepewa habari nikakaa nazo. 

Jumamosi nikaamka na kwenda Izia kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamkuta mama kule chini, kanga imefungwa kiunoni, anabomoa ntumba. Hakuwa anazilima kwa jembe, jembe lingewakata nyigu kwenye pupa zao. Alikuwa amepiga magoti anauchota udongo kwa mikono. Yule jirani aliyeangalia pembeni siku ile alikuwa naye, anachekecha kwa chekecheke la unga. Pembeni yao kulikuwa na ungo, na juu ya ungo kulikuwa na pupa, vijidudu vya kahawia vidogo kuliko punje ya ngano, mamia. Mama alikuwa ameshamaliza ntumba sita. Zile ntumba zake zenye maharage yaliyoanza kuchanua, ambazo watu walisimama kuzitazama, alikuwa amezifumua zote hadi chini.

Alinitazama akasema nichukue ungo mwingine jikoni. Nikaenda kuuchukua. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yalipotelea huko. Ulimi wangu ni mwepesi wa kufoka na mzito wa kuomba radhi, ndivyo ulivyoumbwa, nami sijivunii. Nilipiga magoti nikachota udongo mpaka jua likawa utosini, na mama alikuwa ananielekeza tu: usibonyeze, usitupe majani kabla hujayakung'uta, hapo umeruka. Tulirudisha kila kitu hemani, mapera yaliyooza, udongo, pupa. Alilisimika mlangoni kabisa, mahali ambapo kila anayepiga hodi lazima alione.

Walianza kutoka baada ya siku tisa. Huku juu kuna baridi, hakuna kinachofanya haraka. Mama alinipigia simu niko darasani, jambo ambalo hafanyi, nikatoka nje kuipokea nikidhani kuna msiba. Akasema tu kwamba wameanza. Nilimaliza kipindi nikaenda. Ndani ya wavu nzi walikuwa wanajigonga gonga, wanene, wa njano njano, hawana pa kwenda. Na kwa nje, juu ya wavu, nyigu mmoja mmoja anapenyeza kichwa, anavuta bega, anavuta kiuno, anakaa anajifuta. Halafu anaruka kuelekea mipera. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwahesabu kwa midomo, kama mtu anayesali rozari. Aliniambia amefika mia na kumi na nne tangu asubuhi. Wengi walikufa chini ya udongo, hilo tulijua, lakini wengi vilevile walikuwa wamesalia.

Sijui niseme nini juu ya mama baada ya hapo. Mimi nikikosolewa nanuna mwezi. Yeye alichukua ndoo akaanza kupita nyumba kwa nyumba pale Izia, mchana kweupe, anaomba mapera mabovu ya watu. Mwanzoni walidhani ana nguruwe. Aliwaeleza yote, na hakujificha nyuma ya maneno: alianza kila mahali kwa kusema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiyafukia vibaya, akalea nzi wa mtaa mzima. Nilikuwa naye siku moja akisema hivyo kwenye ua wa mtu asiyemfahamu hata vizuri. Niliangalia miguu yangu. Alirudi na ndoo kichwani, maji ya uozo yanamchuruzikia shingoni, anasalimia watu kwa sauti ya kawaida kabisa. Yule aliyeona aibu kwa hema moja mlangoni sasa alikuwa anabeba uozo wa mtaa.

Binti wa ugani alileta makopo mengine mara mbili. Msimu ukaisha, kiangazi kikapita na upepo wake, mvua zikarudi, mipera ikachanua. Tukasimika hema la pili. Hakuna aliyemtaja mtu wa msumeno, wala hakuna aliyemsahau. Mapera yalipoanza kuiva mama alinikataza nisipasue hata moja. Alisema yatapasuliwa siku yake.

Jumatatu baada ya Oktava, zile siku nane za Pasaka, kaka alikuja, na nyuma yake akaja mtu wa msumeno kwa pikipiki, msumeno umefungwa kwa mpira kwenye kiti. Kaka hakuwa na furaha, usoni alionekana hajalala vizuri. Lakini aliyoyasema alishayasema, na mwanamume wa kwetu hapendi kuonekana anageuka geuka. Mama aliwakaribisha wote wawili, akawapa viti chini ya mpera wa kwanza kabisa. Akaleta beseni na kisu. Akamwambia kaka achume mwenyewe mapera kumi, kutoka mti wowote autakao, apasue mwenyewe.

Kaka akachuma. Hakumpendelea mama; alikwenda hadi mti wa mwisho kule chini, ambao siku zote ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. La kwanza safi. La pili funza. La tatu safi, la nne safi. La tano funza. Alipomaliza yote kumi, sita yalikuwa mazima na manne yana funza. Akaweka kisu chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba bado manne ni manne, kwamba hakuna mtu wa sokoni atakayenunua kumi ale sita, na kwamba mama ameteseka vya kutosha. Mtu wa msumeno alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi kwa mkono, hata hakugeuka.

"Baba," alimwambia kaka, maana ndivyo anavyomwita tangu utoto, "mwaka juzi ungepasua kumi, yote kumi yangekuwa na funza. Nzi wale niliwafuga mimi. Dada yako alinisema mbele ya jumuiya nzima, na alisema kweli. Miaka yote niliwafuga kwa mikono yangu hii, nikidhani nasafisha. Sasa nafuga nyigu, na hawa ninajua ninavyowafuga. Nilichokiharibu kwa kutojua, niachie nikitengeneze kwa kujua. Ukikata leo, nitakufa nikiwa ni yule aliyeyamaliza mapera ya baba yako."

 Kaka alichukua moja ya mapera mazima, akala nusu, akatafuna taratibu, akampa nusu nyingine mtu wa msumeno. Halafu akamwambia yule bwana wende zao, atamlipia mafuta yake. Alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka akauliza hema la tatu litahitaji nondo za ukubwa gani, maana hizo fito zinaoza.

Tulibaki mimi na mama. Alikuwa anakusanya maganda na yale mapera manne ya funza ayapeleke hemani, na mimi nilikuwa nalia, sijui tangu saa ngapi. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikamwambia mwaka mzima nimetaka kulisema hilo neno na limenikwama. Nikamwambia kwamba binti wa ugani alinieleza habari za ntumba siku ile ya kwanza, nikanyamaza nazo, kwa hiyo kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, nami nikamtwisha yeye mbele ya watu.

Akaendelea kuokota maganda. Kumbe hilo alikuwa analijua, binti alikwisha kumsimulia zamani. Akaweka pera la mwisho kwenye beseni, akainuka kwa kushikilia goti, akanitazama.

"Ulisema kweli," alisema. "Ila ungeniita ndani kwanza."